Mdudu anazimia nyuzi ngapi? Hela weka kwenye kipimajoto, kamera baadae

Watu wakisikia napiga video wadudu mpaka wazimie, swali la kwanza ni lilelile, unatumia kamera gani. Hamna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kipimajoto nimekiweka wapi. Na hilo ndo swali lenyewe, kamera ni mbwembwe tu, leo naeleza mara moja maana nimechoka kujibu mmojammoja.

Kwa msionijua, mi ni mtu wa kompyuta, kwenye wadudu nimedandia. Kuna watu wa utafiti huku Tengeru nawasaidia, wanataka kujua kantangaze anavumilia joto mpaka wapi na baridi mpaka wapi. Kama hulimi nyanya humjui kantangaze, ila nenda Ngarenanyuki utaje hilo jina uone, mtu ataacha jembe aje akusimulie msimu mzima ulivyomwondokea. Ni nondo mdogo wa kijivujivu, hata sentimita moja hafiki, kitaalamu wengi wanamjua kama Tuta absoluta ingawa siku hizi anaandikwa Phthorimaea absoluta, kwao Amerika ya Kusini, akaingia Hispania 2006, na hapa nchini akagundulika 2014 hukuhuku kwetu Arumeru. Kiwavi wake anaingia ndani ya jani anakula katikati, anaacha ngozi ya juu na ya chini, na majani yakimchosha anahamia kwenye nyanya yenyewe.

Joto ndo linampa kasi huyu. Kwenye nyuzi 14 anatumia kama siku 76 kutoka yai mpaka nondo kamili, kwenye nyuzi 27 ni kama siku 24, yaani kizazi kimoja cha kule juu kwenye baridi, huku chini wameshapita vitatu. Na watu wa kahawa msicheke, ruhuka anayetoboa buni zenu naye ni hivohivo, utafiti wa akina Juliana Jaramillo wa 2009 ulionyesha anakua kuanzia kama nyuzi 14.9 mpaka 32, kwa hiyo milima ikipata joto kidogo tu mashamba ya juu yaliyokuwa yanalindwa na baridi yanakuwa makazi mapya. Kibosho na Machame mnanielewa.

Ila hayo ni mambo ya kukua. Sisi tunachotafuta ni ile digrii ambayo miguu inakataa.

Wazo lenyewe la zamani. 1944 Cowles na Bogert, Wamarekani waliokuwa wanahangaika na mijusi na nyoka wa jangwani, walisema kikomo cha joto cha mnyama ni pale mwendo wake unapovurugika mpaka hawezi tena kujiondoa kwenye hali itakayomuua. Hawakusema pale anapokufa, walisema pale mwendo unapovurugika. Kumbe tangu mwanzo kinachopimwa ni mwendo, na mwendo ni kitu kinachopigwa video, hapo ndo watu wa kompyuta tunapata pa kuingilia.

Kwa miaka mingi kazi hii ilikuwa macho tu. Unaweka kila mdudu kwenye kichupa chake, vichupa unazamisha kwenye beseni la maji lenye hita na pampu ya kuzungusha maji, joto linapanda taratibu, we umekaa na saa na karatasi unagonga kichupa kimojakimoja, huyu bado, huyu bado, huyu kalala, andika. Vichupa vikiwa vichache ni sawa. Vikizidi, mpaka umalize kuzunguka vyote joto limeshapanda na wa kwanza kalala muda hujamwona, halafu macho yanachoka, halafu we unasema kalala mwenzako anasema angalia bana mguu wa nyuma bado unacheza, na mkibishana hamna pa kurudi kuangalia maana kitu kimeshapita. Video faida yake kubwa kwangu ni hapo, ushahidi unabaki. Kupunguza kazi ni bonasi, na hata hiyo bonasi wakati mwingine siioni.

Programu yenyewe siyo ya ajabu. Video ni picha nyingi zimefuatana, unachukua picha ya sekunde hii unatoa picha ya sekunde iliyopita pikseli kwa pikseli, yaani kidoti kwa kidoti kati ya vile vinavyounda picha, kama hamna kilichosogea jibu ni karibu na sifuri, kama mdudu kachezesha mguu kuna pikseli zitabadilika. Unachora kiboksi kuzunguka kila kichupa, unahesabu pikseli zilizobadilika ndani yake kila sekunde, unapata mstari wa grafu unaorukaruka, joto likikolea unaruka zaidi kwa sababu mdudu anahaha kutafuta pa kutokea, af ghafla unalala. Ulipolala ndo unaenda kuangalia joto lilikuwa ngapi. Unatumia Python, lugha ya kuandikia programu, na OpenCV, zana zake za kuchambua picha, vyote bure. Kuna vitu vikubwa zaidi kama DeepLabCut iliyotoka 2018, unaifundisha itambue kichwa, miguu, mabawa, nzuri sana kama unataka kujua mdudu anatembeaje, ila kwa swali la anasogea au hasogei mi naona ni kumwita mkandarasi wa ghorofa aje akujengee banda la kuku.

Sasa njoo kwenye kamera. Tuseme unapandisha joto robo digrii kwa dakika, ambayo ni kasi ya kawaida kabisa kwenye vipimo hivi. Kwa sekunde moja joto limepanda digrii 0.004. Picha moja kwa sekunde inakutosha na inabaki. Mtu anakwambia kamera yake inapiga fremu 120 kwa sekunde, za nini? Kipimajoto chako chenyewe hakijui hata tofauti ya nusu digrii af we unataka kujua mdudu alianguka kwenye fremu ya ngapi.

Na hapa ndo naanza kupandisha sauti. Themokapo aina ya K, ile sensa ya joto ya nyaya mbili zilizounganishwa ncha, ya bei nafuu inayouzwa kila mahali, kiwango chake cha kawaida kinaruhusu ikosee mpaka digrii 2.2, juu au chini, ikiwa mpya kabisa haijaguswa. Aina ya T ni digrii 1. Kale kasensa kadogo ka DS18B20 ambako wanafunzi wanatumia kwenye projekti za chuo kanaahidi nusu digrii, yaani kanawashinda wote wawili. Af tofauti unayoitafuta, kwamba kantangaze wa juu Meru na wa chini tambarare wanatofautiana uvumilivu, mara nyingi kwa wadudu tofauti ya namna hiyo ni digrii moja au chini ya hapo. Kwa hiyo ukitumia themokapo moja huku na nyingine kule bila kuzilinganisha unaweza ukatangaza ugunduzi ambao ni tofauti ya nyaya mbili tu.

Kulinganisha ni kazi rahisi ila ina mtego wake kwa sisi tunaokaa mlimani. Kitabu kitakwambia weka sensa kwenye barafu iliyosagwa na maji isome 0, af weka kwenye maji yanayochemka isome 100. Sifuri sawa, inafanya kazi popote. Mia sasa, hapa Arusha mjini tuko kama mita 1400 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye kama nyuzi 95, Moshi mjini kama 97. Mtu anayeirekebisha sensa yake isome 100 kwenye sufuria ya Arusha kaiharibu kabisa, na ataiharibu kwa uaminifu mkubwa na kuandika kwenye ripoti kwamba amefuata utaratibu. (Ndo maana pia maharage yetu hayaivi, ila hiyo ni mada nyingine.)

Na sensa iwekwe wapi? Siyo kwenye maji. Maji yanatangulia, hewa ya ndani ya kichupa inafuata nyuma. Iweke ndani ya kichupa kitupu cha aina ileile, kwenye trei ileile, katikati ya wenzake, na kama unazo mbili nyingine weka pembeni, maana vichupa vya ukingoni na vya katikati havipati joto sawa. Ndo maana pia hupangi madume wote upande mmoja na majike upande mwingine, unawachanganya, la sivyo utasema majike ni wagumu kumbe walikaa mbali na hita. Kwa mdudu mwepesi kama kantangaze mwili wake unafuata hewa ndani ya muda mfupi sana, ukienda kwa mende mkubwa hapo mwili unachelewa nyuma ya hewa na hesabu inabadilika.

Kasi ya kupandisha joto nayo ni kesi. Kutoka nyuzi 25 mpaka 45, kwa digrii moja kwa dakika unamaliza dakika 20, kwa robo digrii ni dakika 80, kwa 0.1 ni saa tatu na dakika ishirini. Mdudu yuleyule, matokeo matatu tofauti. John Terblanche na wenzake wa Afrika Kusini walionyesha hili vizuri mwaka 2007 kwa kutumia mbung'o, hawahawa ndorobo wanaotusumbua Tarangire, kwamba kikomo unachopata kinategemea umeanzia joto gani na umepandisha kwa kasi gani. Ukipandisha polepole mara nyingi kikomo kinashuka, kwa sababu mdudu kakaa kwenye joto muda mrefu, madhara yamelimbikizana, anaanguka mapema. Kwa hiyo mtu akikuambia mdudu fulani kikomo chake nyuzi 43 bila kukwambia kasi, mwambie ahsante, endelea na shughuli zako.

Af kuna alikolala huyo mdudu jana. Hii ina historia tamu. 1962 Mtaliano Ferruccio Ritossa alikuwa anaangalia kromosomu za vijinzi vya matunda kwa hadubini akaona zimevimba sehemu ambazo si za kawaida, kumbe mwenzake alikuwa kapandisha joto la kabati la kutunzia. Hapo ndo ilikoanzia habari nzima ya protini ambazo seli inazitengeneza ikishapigwa na joto. Mdudu aliyeonja joto kidogo kabla anajipanga, ukimpima baada ya saa kadhaa anavumilia zaidi. Sasa fikiria umebeba wadudu wako kwenye kopo ndani ya noah kutoka Ngarenanyuki mpaka Tengeru saa saba mchana, vioo vimefungwa, af unafika unawapima palepale. Unapima kantangaze au unapima noah?

Joto ni rahisi kwenye video, nashukuru Mungu. Mdudu anahaha, anatetemeka, anapinduka, ananyamaza. Mwisho unaonekana. Kitu kimoja tu cha kuangalia ni kwamba baada ya kuanguka miguu inaweza ikaendelea kurukaruka yenyewe kidogo, programu itahesabu huo kama mwendo, kwa hiyo inabidi uamue mapema kabla hujaona data, je unahesabu pale aliposhindwa kusimama au pale mtetemeko wa mwisho ulipoisha. Zote mbili zinakubalika. Kuchanganya ndo haikubaliki.

Baridi sasa, bana. Baridi ni ugomvi. Mdudu ukimshusha joto hahahi, anakaa tu. Anakunja miguu yake anatulia pembeni, anaweza akatulia hivo muda mrefu akiwa mzima kabisa, ukimgusa anatembea. Ndani yake kinachoendelea ni kwamba zile pampu za kwenye seli zinazopanga chumvichumvi, sodiamu huku potasiamu kule, zinachoka, potasiamu inajaa nje ya seli, neva na misuli inashindwa kutuma ujumbe, hapo ndo anazimia, na hajaganda wala nini, wadudu wengi wa huku kwetu wanazimia maji yakiwa bado maji. Sasa kamera inaona mtu katulia. Imejuaje kama kapumzika au kazimia? Haijui. Inajua pikseli tu.

Kwa kantangaze ndo mbaya zaidi kwa sababu huyu ni wa usiku, mchana kazi yake ni kujificha chini ya majani asionekane. Ukimwashia taa nyeupe ili kamera ione, anakaa kimya tangu nyuzi 25, grafu imelala kabla hujaanza, unaweza ukaandika kwamba kantangaze wa Arusha anazimia kwa baridi ya mwezi wa kwanza. Dawa yake ni taa za infraredi, zile za nanomita 850, mwanga ambao yeye hauoni ila kamera inauona. Na hapa ndo nacheka mwenyewe, kamera nzuri kwa kazi hii ni zile za ulinzi, CCTV za bei ya chini kabisa ambazo mafundi wanafunga madukani Kilombero hapa Arusha, kwa sababu zimetengenezwa kuona gizani na taa zake zinakuja nazo. Simu yako ya milioni ina kichujio kinachozuia mwanga huo makusudi.

Simu ina matatizo mengine pia. Inajirekebisha mwanga yenyewe, inatafuta fokasi yenyewe, na nyingi hazipigi fremu kwa kasi moja, zinabadilisha kimyakimya, kwa hiyo baada ya saa tatu muda wa video na muda wa kipimajoto havikubaliani. Ujanja mzuri kuliko yote, na haugharimu chochote, ni kuweka kioo cha kipimajoto ndani ya picha, kando ya trei. Umeme ukikata, kompyuta ikizima, saa ikipotea, joto limeandikwa kwenye kila picha. Nimesema video ni ushahidi, basi ushahidi uwe na joto ndani yake.

CCTV nazo zina kasoro yake. Ili faili isijaze diski mashine inahifadhi picha nzima mara mojamoja na katikati inahifadhi mabadiliko tu, kila picha nzima inaporudi video yote inatetemeka kidogo, jicho halioni ila programu inaona, inasema wadudu wote wamesogea kwa pamoja. Taa za umeme wa nyumbani nazo zinapepesa kufuata umeme wenyewe, tumia za betri. Na kwenye baridi vifuniko vinaota ukungu, tone la maji likiteremka kwenye kifuniko programu inamfufua mdudu, kwa hiyo weka vile vipakiti vya kukausha unavyokuta kwenye maboksi ya viatu. Kinachokuokoa kwenye yote haya ni kichupa kitupu. Kiwekee kiboksi nacho, hesabu pikseli zake, chochote programu inachoona humo ni uongo, na mdudu ili ahesabiwe kasogea lazima auzidi uongo huo.

Kurudi kwenye baridi, njia mbili. Moja ni kumshtua, unabandika kijimota cha mtetemo cha simu mbovu kwenye trei, kila dakika kinatetema kidogo, programu inaangalia nani kajibu baada ya mtetemo, asiyejibu kazimia. Ya pili ambayo mi naipenda zaidi ni kugeuza kipimo, wazimishe wote kwa baridi, warudishe kwenye joto la chumba, af piga video wakizinduka. Anayesimama mapema ni mvumilivu zaidi. Kusimama kunaonekana, ni tukio, grafu iliyolala inaruka. Tatizo unapata dakika, hupati digrii, na kuna wanaopenda digrii.

Mwisho wa yote unachukua vichupa kadhaa unawapa watu wawili waangalie video kila mtu kivyake bila kujua programu ilisema nini. Af usitosheke na kuona kwamba namba za programu na za watu zinapanda pamoja. Zinaweza kupanda pamoja vizuri huku programu inachelewa nusu digrii kwa kila mdudu, kila siku. Toa moja kwenye nyingine, angalia zimeachana kiasi gani na zimeegemea upande gani.

Kuna mama mmoja analima nyanya kwenye grinihausi kule Ngarenanyuki, tulienda kwake kuokota wadudu. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitika, akatuangalia tunavyowakimbiza nondo na vichupa, akauliza, "Sasa mwanangu, mkishaijua hiyo digrii mimi naipeleka wapi?" Akaendelea mwenyewe, "Nikishavuna nikafunga grinihausi yote, jua la saa nane likaingia, si watakufa humo?" Swali zuri kuliko mengi niliyosikia kwenye semina. Nikamwambia mama, nondo anayeruka juu kwenye hewa ya moto ndiyo, siku ya jua kali hiyo hewa inaweza ikamfikisha pabaya, na kufunga grinihausi baada ya kuvuna ni jambo linalofanyika sehemu nyingi. Ila pupa, yaani kiwavi aliyejifunga akisubiri kuwa nondo, wengi wako kwenye udongo, na udongo kwa chini hauna joto la hewa ya juu, na siyo digrii tu ni digrii na muda, kwa hiyo siku moja haitoshi. Akasema, "Basi kapimeni hao wa kwenye udongo."

Na hapo video imekwama, maana pupa hatembei. Unaweza kumpiga picha wiki nzima hatakupa pikseli hata moja ya maana. Kwake inabidi tufanye kizamani, unawaweka kwenye joto fulani kwa saa fulani, unawatoa, unasubiri, unahesabu nondo wangapi wametoka. Tumeshaanza kuandaa makopo ya udongo kwa ajili hiyo, na kipimajoto kitazikwa humohumo kwenye udongo, siyo juu.

Kiwavi angalau ana matumaini, jani likishaliwa katikati linapitisha mwanga, ukiweka taa nyuma yake unamwona kiwavi kivuli chake kinavyosogea ndani. Ila taa ya nyuma inatakiwa iwe pana, infraredi, volti 12, na isitoe joto lake yenyewe, maana hiyo nayo itaingia kwenye kipimo. Anayejua duka hapa mjini au Moshi wanaouza hizo kwa bei isiyo ya kitalii anitonye.